Kompyuta ya Kuunga na Mfumo Mpya: Hakikisha Njia ya Kurudi Kwanza

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena viraka vya usalama vya bure. Mfumo huo ulitoka Julai 2015, na miaka kumi imetosha kuuzoea hadi tukasahau kwamba una mwisho. Pita Kamembe, huku Rwanda kando ya Ziwa Kivu, kuanzia stendi hadi sokoni: penye mashine ya fotokopi pana kompyuta ya mezani, na si ajabu ukakuta ni ya kuunga. Kasha limetoka kwa huyu, madabodi kwa yule, prosesa ilichomolewa kwenye mashine ya ofisi iliyostaafishwa ng'ambo, RAM mbili hazifanani hata rangi. Inafanya kazi vizuri tu, ila hakuna kampuni duniani inayoijua.

Mwenye kompyuta iliyotoka kiwandani nzima ana nafuu moja kubwa: toleo jipya la mfumo linapomfikia, mtengenezaji ameshalijaribu kwenye mashine kama yake. Wewe mwenye kompyuta ya kuunga huenda ndiye mtu wa kwanza kujaribu toleo hilo kwenye mchanganyiko huo wa vipande, na likikwama huna wa kumpigia simu. Ndiyo maana mwongozo huu hautumii muda mwingi kwenye kitufe cha kusasisha, kwa kuwa kila mtu anakiona. Unatumia muda kwenye kile kinachotakiwa kuwa tayari kabla hujakigusa.

Ijue mashine kabla ya kuigusa

Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter. Katika ukurasa unaofunguka, nakili kwa kalamu mambo matano: jina la prosesa, jina la madabodi, toleo la BIOS, kama BIOS iko katika hali ya UEFI au Legacy, na kama Secure Boot imewashwa. Andika kwenye karatasi, kwa sababu siku kompyuta ikigoma kuwaka, maelezo yaliyohifadhiwa ndani yake hayatakusaidia.

Kwenye madabodi za bei nafuu kutoka China, hasa zile za X79 na X99 zinazobeba prosesa za Xeon zilizotolewa kwenye seva, mahali pa jina unaweza kukuta maneno "To be filled by O.E.M." au "Default string". Maana yake mtengenezaji hakujisumbua hata kujaza jina la bidhaa yake. Wa namna hiyo usimtegemee akuletee BIOS mpya. Fungua kasha usome maandishi yaliyochapwa kwenye ubao wenyewe.

Sasa rudia Windows na R, uandike tpm.msc. TPM ni sehemu inayotunza funguo za siri za mashine, na Windows 11 inataka toleo lake la 2.0. Inataka pia UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft: kwa Intel ni kizazi cha 8 na kuendelea, kwa AMD ni Ryzen 2000 na kuendelea, ukiacha vighairi vichache.

Ukiambiwa TPM haipo, usiamini haraka. Kwenye madabodi nyingi za kuunga ipo ila imezimwa. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza Del au F2, uingie BIOS na utafute neno PTT kama prosesa ni ya Intel, au fTPM kama ni ya AMD. Iwashe, hifadhi, rudi Windows uangalie tena. Kama prosesa yako imo kwenye orodha, pengine safari yako yote inaishia hapo: mashine ilikuwa na sifa tangu siku ya kwanza, na Windows 11 itakuja kwa njia ya kawaida.

Zinazobaki ziko za namna mbili, na usizichanganye. Kuna zenye nguvu ambazo hazimo kwenye orodha: Intel za kizazi cha 2 hadi cha 7, Xeon za seva, Ryzen za kwanza kabisa. Hizo zinaweza kuendesha Windows 11 kwa mlango wa nyuma, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inazihusu. Halafu kuna wazee wa kweli, Core 2 Duo na Core 2 Quad. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inatumia maagizo ya prosesa yanayoitwa SSE4.2 na POPCNT, ambayo wazee hao hawakuzaliwa nayo. Hapo hakuna ujanja wa fundi yeyote, mfumo hautawaka. Akija mtu akakuahidi vinginevyo, mwulize atakuwekea toleo gani, na toleo hilo linapata viraka hadi lini.

Je, una haja ya Windows 11?

Wengi wanaruka swali hili. Jiulize kompyuta inakuletea mkate kwa njia gani. Ukiwa wakala wa Irembo, tovuti ya huduma za serikali, kazi yako karibu yote iko ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali kama chini yake kuna Windows au Linux. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, itapata viraka hadi 2029, inatosheka na RAM ya GB 4, na haiulizi habari za TPM. LibreOffice itafungua barua na majedwali ya wateja, ingawa hati yenye mapambo mengi ya Word inaweza kuyumba kidogo. Kwa Core 2 Duo nzima ya kibandani, ushauri wangu ni huo na sina wa pili.

Lakini ukiwa na duka linalotoa ankara kwa programu ya EBM iliyowekwa kwenye kompyuta hiyo, mambo ni mengine. Usihame mfumo kwanza halafu ukauliza EBM baadaye. Nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, waeleze unataka kufanya nini, wakwambie data za ankara zihifadhiwe vipi na programu irudishwe vipi. Vivyo hivyo kwa printa na skana za zamani: kabla ya yote hakikisha draiva zake zipo kwa mfumo unaouhamia. Mtu wa fotokopi asiyeweza kuchapisha hana kazi, hata kama kompyuta yake ni salama namna gani.

Kuna pia njia ya kununua muda. Microsoft ilianzisha mpango wa viraka vya ziada kwa Windows 10 toleo la 22H2, unaowafikisha watumiaji wa kawaida hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ndani ya mipangilio ya Windows Update ukiwa na akaunti ya Microsoft, ama kwa dola 30, ama kwa kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni. Kwa mtu ambaye kompyuta moja ndiyo duka lake lote, naona heri kuchukua muda huo na kujipanga, kuliko kupita mlango wa nyuma kesho asubuhi foleni ikiwa mlangoni.

Jambo moja linalosemwa kwa sauti ya chini: kama Windows uliyonayo iliwashwa kwa programu ya kuvunja leseni, usiipandishe juu ya ile ile. Programu hizo mara nyingi humtaka mtu azime kinga ya virusi au kuitenga folda fulani isikaguliwe, na tundu hilo utahama nalo. Anza upya kwa leseni halali, au chukua Linux ambayo haina gharama. Windows zilizopunguzwa uzito na watu wasiojulikana, zinazopitishwa kwa flashi kutoka duka hadi duka, ziache huko huko.

Diski ya pili

Sasa tufike kwenye moyo wa kazi. Nunua SSD ya pili, yenye ukubwa sawa na ya sasa au zaidi. Najua ni gharama. Lakini ndiyo tofauti kati ya kupoteza saa moja na kupoteza kumbukumbu za wateja wa miaka mitatu.

Tumia Clonezilla, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi, unakili diski nzima hadi kwenye hiyo mpya. Soma mara mbili ipi ni chanzo na ipi ni lengo kabla ya kukubali, kwa sababu ukizigeuza utanakili utupu juu ya mali yako. Ikimaliza, zima kompyuta, chomoa diski ya zamani kabisa, acha mpya peke yake, halafu washa. Kama imewaka ikakufikisha kwenye meza yako uliyoizoea, na faili zinafunguka, nakala yako ni ya kweli. Isipowaka, umegundua siku ambayo hakuna kilichoharibika. Nakala ambayo haijawahi kuwashwa usiihesabu.

Kuanzia hapo fanya majaribio yote kwenye nakala, na ile diski ya asili iweke kando ikiwa imeandikwa tarehe. Wengi hufanya kinyume: huipandisha diski ya asili na kuweka nakala pembeni. Mimi napendelea ile iliyothibitika kwa miaka isiguswe kabisa.

Mbali na nakala ya diski nzima, nakili faili za kazi peke yake kwenye diski ya nje, ukazifungue chache kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kisha hifadhi draiva. Fungua Command Prompt kama msimamizi, tengeneza folda kwenye flashi, uandike:

dism /online /export-driver /destination:E:\draiva

Badilisha herufi E iwe ya flashi yako. Draiva zote ambazo si za Windows yenyewe zitanakiliwa humo. Kwenye kompyuta ya kuunga hili ni la lazima, maana CD iliyokuja na kadi ya mtandao mwaka ule haijulikani iliko, na bila draiva ya mtandao huwezi kupakua draiva ya mtandao.

Mwisho angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kwa amri manage-bde -status. Kama imefungwa, chapisha ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48, kisha isimamishe kwa muda kabla ya kugusa chochote kwenye BIOS. Ukibadilisha mipangilio ya TPM bila kufanya hivyo, kompyuta itawaka ikudai ufunguo huo, na usipokuwa nao, faili zako zote zimebaki ndani.

Siku na umeme

Tuko jirani na mitambo ya Ruzizi ya Kwanza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya Pili ya mwaka 1989, inayogawa umeme kati ya Rwanda, Burundi na Kongo. Ujirani huo haujawahi kuzuia taa ya mtu kuzimika. Juu ya hayo, ukanda huu wa Kivu na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kazi kubwa ya kompyuta ipeleke kwenye kiangazi cha Juni hadi Agosti kama unaweza kusubiri. Kama huwezi, anza asubuhi mbingu ikiwa safi, na wingu likianza kujikusanya juu ya ziwa, usianze hatua mpya.

Weka UPS, na uiunganishe na kasha la kompyuta na skrini tu. Printa ya leza isiguse UPS hiyo, kwani inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na inaweza kuiangusha katikati ya kazi. Kabla ya siku yenyewe, chomoa waya wa UPS ukutani kompyuta ikiwa imewaka uone inashika dakika ngapi, maana betri za UPS zilizokaa dukani hufa bila kusema. Kebo ya mtandao ichomoe pia wakati wa mvua. Radi hupitia humo vilevile.

Siku nzuri ni Jumapili. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikwepe: asubuhi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na maduka yakishafunguliwa wateja wa nusu siku nzima wanakuja kwa pamoja.

BIOS, mahali pa kioo cheusi

Kama karatasi yako inasema Legacy, diski yako huenda imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na inabidi igeuzwe kuwa GPT kabla ya kuhamia UEFI. Windows 10 inacho chombo cha kazi hiyo kisichofuta faili. Kwenye Command Prompt ya msimamizi, andika kwanza mbr2gpt /validate /allowFullOS ili ikague tu. Ikikubali, rudia ukiweka convert mahali pa validate. Kisha ingia BIOS, uzime CSM, yaani ile hali ya Legacy, na uchague UEFI. Hayo yote yafanyike kwenye nakala, diski ya asili ikiwa mfukoni.

Hapa ndipo kompyuta za kuunga zinapowatoa watu jasho. Kadi ya picha ya zamani, hasa za kabla ya mwaka 2012 hivi, inaweza kukosa programu ndani yake ya kuzungumza na UEFI. Ukizima CSM, feni zitazunguka, taa zitawaka, na kioo kitabaki cheusi. Kompyuta haijafa. Zima, chomoa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwenye madabodi kwa dakika chache, irudishe, na BIOS itarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kama prosesa yako ina picha ya ndani, chomoa kadi, unganisha skrini kwenye tundu la madabodi lenyewe, ujaribu tena. Ndiyo sababu nilikutaka uandike mipangilio kwenye karatasi: betri ikitoka, hata saa inapotea, na mpangilio wa diski kama AHCI unaweza kugeuka, Windows ikagoma kuwaka kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na toleo jipya.

Je, uweke BIOS mpya? Ikiwa madabodi ni ya kampuni inayojulikana, na ukurasa wake unaonyesha toleo jipya kwa jina lile lile kabisa, hadi herufi ya mwisho na namba ya marekebisho iliyochapwa kwenye ubao, ndiyo, ukiwa na UPS. Ikiwa ni ile isiyo na jina, usiguse. Kuweka BIOS ya madabodi inayofanana kwa sura ni njia fupi ya kugeuza kompyuta kuwa kasha tupu, na kuifufua kunahitaji kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja, ambacho si kila fundi anacho.

Kupanda

Pakua faili la Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Ni zaidi ya gigabaiti 5, basi litafutie intaneti isiyokatikakatika. Likishuka, hakiki kwa certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe mfuatano unaotokea na ule ulio kwenye ukurasa wa Microsoft. Tarakimu moja ikitofautiana, lifute.

Angalia lugha kabla ya kupakua. Katika mji ambao kompyuta zinatoka Kigali, Bukavu na Ulaya, utakuta Windows za Kifaransa, za Kiingereza cha Marekani na za Kiingereza cha Uingereza kwenye barabara moja. Ukitaka kupanda huku faili na programu zikibaki mahali pake, lugha ya faili jipya sharti ilingane na ile iliyowekwa mwanzo, na aina pia, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Zisipolingana, chaguo la kubakiza programu litakuwa limefifia, na wengi hubonyeza mbele bila kusoma.

Kwa mashine isiyo na TPM au isiyo kwenye orodha, tengeneza flashi kwa Rufus, programu ya bure iliyoandikwa na Pete Batard. Tumia toleo la 4.6 au la baadaye, kwa kuwa ndilo lililoongeza njia ya kupita ukaguzi wa 24H2 hata unapopandisha kutokea ndani ya Windows. Rufus itakuuliza kama uondoe masharti ya TPM, Secure Boot na RAM, kubali. Kisha ukiwa ndani ya Windows 10, chomeka flashi uendeshe setup. Lakini kabla ya kuendesha, kompyuta ikiwa imezimwa, chomoa diski nyingine zote isipokuwa nakala unayoifanyia kazi, na vifaa vyote vya USB visivyohitajika. Fundi mwenye haraka huacha printa, skana na modemu vimening'inia, halafu anashangaa kwa nini asilimia zimeganda.

Iachie muda. Kwenye SSD inaweza kuchukua saa moja, kwenye diski ya kuzunguka ni nusu siku na huzuni. Kompyuta itazima na kuwaka yenyewe mara kadhaa. Kioo kikiwa cheusi taa ya diski ikipepesa, kazi inaendelea.

Ikiwaka

Kazi ya kwanza si kuibadilisha picha ya meza. Fungua Device Manager uangalie alama za njano, uzijazie kutoka kwenye ile folda ya draiva. Chapisha ukurasa mmoja, skani ukurasa mmoja, fungua Irembo, cheza sauti, zima na uwashe mara mbili.

Pili, panua mlango wa kurudi. Windows hukupa siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa zamani, ambao umewekwa kwenye folda ya Windows.old. Kwa amri hii ya msimamizi unazifanya kuwa 60:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Na katika siku hizo usiruhusu programu yoyote ya kusafisha diski ifute folda hiyo, hata ikikuahidi gigabaiti ishirini.

Tatu, uelewe ulichokubali. Microsoft inasema wazi kwamba mashine isiyo na sifa haina haki ya kupata masasisho. Kwa vitendo viraka vya kila mwezi vimekuwa vikija, lakini toleo kubwa la kila mwaka halikuletei mlangoni. Toleo la 24H2 kwa Home na Pro linaishia 13 Oktoba 2026, na 25H2 linaishia 12 Oktoba 2027. Kwa hiyo kazi hii ya flashi, nakala na Rufus utairudia kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na siku yoyote Microsoft inaweza kuufunga mlango wa nyuma. Fundi anayekutoza kwa kazi hiyo anapaswa kukwambia hilo kabla hujalipa.

Kuna pia jambo la vyeti vya Secure Boot. Vile vya mwaka 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026. Kompyuta haitazimika kwa sababu hiyo, ila isipopokea vyeti vya 2023, sehemu inayowasha mfumo haitapata ulinzi mpya. Kwenye madabodi za kampuni kubwa vyeti hivyo vinakuja kwa Windows Update au BIOS mpya. Kwenye isiyo na jina, usishangae vikigoma kuingia.

Kwa wenye studio walioweka macOS

Wapo wahariri wa video na watayarishaji wa muziki wanaoendesha macOS kwenye kompyuta ya kuunga kwa kutumia kiwashio cha OpenCore. Kwanza sheria: leseni ya Apple inaruhusu mfumo huo kwenye kompyuta za Apple tu. Kampuni ya Psystar ya Florida iliuza kompyuta za namna hiyo, ikashtakiwa 2008 na kushindwa mahakamani 2009. Ukiwa fundi, kuziuza tayari zimewekewa macOS ni kujitafutia kesi.

Pili, kanuni ya kazi ni kusasisha kiwashio kwanza na mfumo mwisho. Zima masasisho ya moja kwa moja. Nakili folda ya EFI kwenye flashi ya FAT32, usasishe OpenCore na viambatisho vyake, Lilu, VirtualSMC, WhateverGreen na vingine, kwenye flashi hiyo pekee. Pitisha config.plist kwenye ocvalidate, halafu washa mfumo ulionao sasa kwa flashi. Ukiwaka bila kasoro kwa siku kadhaa za kazi ya kweli, hamishia folda hiyo kwenye diski, kisha ndipo upandishe macOS, tena kwenye nakala. Flashi yenye EFI ya zamani iliyokuwa inafanya kazi isifutwe. Na ukiwa na kadi ya NVIDIA ya GTX 900 au 1000, usipite High Sierra ya 2017, kwa sababu draiva zake ziliishia hapo.

Hata ukifanya yote sawasawa, barabara inafika mwisho. Apple ilitangaza kuachana na prosesa za Intel tarehe 22 Juni 2020, na Juni 2025 ikasema macOS Tahoe 26 ndiyo ya mwisho kwa kompyuta za Intel. Studio inayotegemea mashine hiyo ianze sasa kuhamishia miradi kwenye programu inayofanya kazi kote. DaVinci Resolve, kwa mfano, ipo kwa Windows, Linux na macOS.

Karatasi

Ile karatasi uliyoanza nayo sasa imejaa: jina la madabodi, toleo la BIOS, mipangilio uliyobadilisha, toleo la Windows na lugha yake, tarehe uliyopandisha, na tarehe ambayo toleo hilo linaisha. Inakili upya kwa mwandiko unaosomeka, uiingize kwenye mfuko wa plastiki, uigundishe ndani ya kasha upande wa kifuniko, mbali na feni. Ufunguo wa BitLocker usiuandike humo. Huo ukae nyumbani, na nakala ya pili kwa mtu unayemwamini. Diski ya asili iweke pakavu hadi siku 60 zipite na EBM, printa na skana ziwe zimefanya kazi mwisho wa mwezi mmoja mzima, wenye foleni. Baada ya hapo inaweza kufutwa na kuwa diski ya nakala za kila wiki.

Na kama mashine ilikuwa ya Core 2 na umeamua kuipumzisha, itoe diski kwanza, kisha kasha lipelekwe panapokusanywa taka za kielektroniki, ambazo kampuni ya Enviroserve huzishughulikia kiwandani kwake Bugesera. RAM na saplai ya umeme vipime kabla ya kuviachia, huenda vikafaa kwenye kompyuta ya kuunga inayofuata.